Aliyelala Highbeck

Nyumba ya Lanty Gaskarth ilikuwa na vyumba vitatu vya juu. Kimoja alilala yeye na mkewe Nan, kimoja kilivuja, na kile kilichopata jua la asubuhi kilikuwa cha wafu.

Humo mlikuwa na meza ndefu, makasha ya karatasi yaliyopangwa mpaka chini ya dirisha, na ukutani mti wa ukoo aliouchora mwenyewe kwa wino, karatasi kwa karatasi, akazigundisha pamoja. Kila baada ya kulisha kondoo Lanty alipanda juu kuwatembelea. Mlangoni alivua buti zake zenye tope, heshima ambayo jiko la Nan halikuwahi kuipata.

"Wafu hawahitaji jua," Nan alimwambia mara nyingi. "Mimi naanika soksi zako juu ya jiko, na babu wa babu yako anaota jua huko juu kama paka."

"Karatasi zinashika ukungu, mke wangu."

"Na mimi je? Mimi sishiki?"

Lanty alikuwa mtu mwema, na watu wema wana namna yao ya kutosikia. Alishuka, akapita ukumbini, akakigonga kwa kidole kile kipimahewa cha kale kilichotundikwa kando ya mlango, chombo cha mbao na shaba cha kubashiri mvua. Mshale ukasema hali njema. Akaacha koti lake na kwenda malishoni, akarudi amelowa chapachapa. Ndivyo ilivyokuwa siku nyingi, lakini imani yake kwa chombo kile haikupungua. Kilikuwa cha ukoo.

Akina Gaskarth walikuwa Highbeck, shamba la mwisho kabisa juu ya bonde la Skelgarth, kaskazini mwa Uingereza, tangu kabla watu hawajajua kuandika mambo kama hayo. Na Skelgarth hilo lina uzito. Huko mtu ni mwenyeji au ni wa kuja, hakuna la katikati. Tarishi alikuwa ameishi bondeni tangu ujana, amezika mke na mbwa wawili hapo hapo, na mpaka leo anaitwa yule bwana wa Bolton. Lanty alipomwita hivyo hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alisema kama mtu asemavyo kwamba maji yanateremka.

Sasa, kulikuwa na nyumba. Bibi Jopson, aliyeishi peke yake karibu na daraja, alikuwa amefariki bila mrithi, akaiacha nyumba yake mikononi mwa kamati ya bonde ili apangishwe, kwa bei nafuu, mtu atakayekaa humo mwaka mzima. Jambo hilo lilikuwa kubwa. Nusu ya nyumba za Skelgarth siku hizi ni za watu wa London wanaokuja Pasaka na kuondoka majani yakianza kupukutika, na baada ya hapo mapazia hufungwa na moshi haufuki.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Lanty, na hakuna kitu duniani alichokitaka kama nyumba ile. Si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya Hannah.

Hannah alikuwa mjukuu wake wa pekee. Alikaa mjini Kendal katika chumba kimoja juu ya duka la dobi, yeye na mwanawe mchanga, Wilf, na alikuwa ameitiwa kazi Leeds. "Babu," alikuwa amemwambia, "nikipata pa kukaa huku, nabaki. Nisipopata, nakwenda mwisho wa mwezi." Baada ya Hannah na mwanawe hapakuwa na Gaskarth mwingine. Chini kabisa ya ule mti ukutani, jina la Wilf lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

Nan alikuwa amewahi kuuliza, wakiwa mezani wote watatu, kwa nini msichana asihamie Highbeck tu. Lanty, akikata nyama, alijibu kwamba vyumba vimejaa, na karatasi zile ni kuukuu, zinashika ukungu upesi. Hakuwa amekataa. Alikuwa ametaja tu hali ya vyumba. Hannah alisikia alichosikia, akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo Lanty alitunga kanuni. Aliileta kwenye kikao cha kamati, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kijiji wenye harufu ya chai na makoti mabichi. Nyumba ya Bibi Jopson, alisema, ipewe mtu ambaye mmoja wa wazee wake alilala Skelgarth usiku wa sensa ya mwaka 1841. Hivyo hakuna upendeleo. Karatasi za serikali zitaamua.

Digory Trembath, mwenye bucha, aliweka kikombe chini. "Bwana mwenyekiti, 1841 wazee wangu walikuwa bado Cornwall wanachimba bati. Tumekuja na mgodi wa shaba, baadaye kidogo. Wanangu utawaweka wapi?"

Lanty aliihitaji kura ya Digory. Zaidi ya hayo, alijisikia mkarimu. "Basi tusogeze mbele. Sensa ya 1851. Miaka kumi, Digory. Zawadi."

"Umenifanya mwenyeji kwa kalamu moja."

"Nusu mwenyeji. Usianze kujisifu."

Katibu wa kamati alikuwa Phoebe Rigg, msichana aliyefundisha katika shule ya bonde. Alikuwa na shahada ya historia bado mbichi, na aliamini kwamba kila jina katika karatasi ya zamani ni la mtu anayeomba asisahauliwe. Aliinua kichwa. "Mzee Lanty, labda tuandike 'aliyekuwa na makazi' badala ya 'aliyelala'? Sensa ile ilihesabu watu pale walipoamkia. Mtu anaweza kuwa safarini."

"Hapana, mwalimu. Makazi walikuwa nayo hata wenye mgodi, na hawakukanyaga hapa. Wajukuu zao ndio hao wenye mapazia. Andika 'aliyelala.' Mwili wake, kitandani, hapa."

Phoebe akaandika. Watu wakapiga makofi.

Waombaji walikuwa wawili. Hannah, na, kwa mshangao wa wengi, Sadie Pettifer, mpishi wa shule. Sadie alitoka Wolverhampton. Aliishi na wanawe wawili kwenye karavani nyuma ya baa, ambamo majira ya baridi maji yaliganda ndani ya birika. Kila mtu alimpenda, hasa saa ya chakula.

Siku ya mkutano wa wachungaji, walipokusanyika kurudishiana kondoo waliopotea, Sadie ndiye aliyepakua mchuzi wa nyama ya kondoo na viazi. Lanty alifika mbele ya sufuria na sahani yake.

"Mzee Lanty, nasikia wazee wangu wanatakiwa. Nilete wangapi?"

"Mmoja anatosha, mama. Ila awe amelala hapa."

"Ah, ukoo wangu umelala kila mahali. Bibi yangu alikuwa akisema hata mitaroni. Nani anajua, labda na mitaroni mwenu."

"Mitaro yetu ina maji mwaka mzima."

"Basi alilala amelowa. Na wewe naona leo umelowa, umefanyaje?"

Foleni nzima ikacheka. Lanty naye akacheka, kwa huruma ya kweli, akaomba kijiko cha pili. Alimwonea uchungu mama yule. Kama zingekuwa nyumba mbili, angempa moja. Alijiambia hivyo mpaka nyumbani, na akapata faraja kubwa, maana nyumba ilikuwa moja.

Phoebe alikabidhiwa kazi ya kutafuta. Mambo ya akina Gaskarth hayakuhitaji kutafutwa. Lanty alikuwa na nakala za 1841 na za 1861, na zote zilionyesha watu wale wale katika shamba lile lile, wakiwa wamezeeka tu. Ya 1851 hakuwahi kuiagiza. Katikati hapo wangekwenda wapi?

Siku ya kikao cha uamuzi Phoebe alimngoja mlangoni pa ukumbi, uso umempauka. "Mzee, naomba tuongee kidogo kabla hatujaanza. Sisi wawili."

Lanty alidhani anataka kumwombea Sadie. "Mambo ya wazi yaongewe wazi, mwalimu," akasema kwa upole, akaingia.

Ukumbi ulijaa. Nan alikuwa mstari wa mbele na kofia yake ya kanisani. Hannah alikaa pembeni yake, amempakata Wilf aliyekuwa akitafuna mkanda wa begi. Sadie alisimama nyuma karibu na birika kubwa la chai, maana hata siku hiyo aliombwa ahudumie.

Phoebe alisimama. Akasoma 1841: akina Gaskarth, Highbeck. Akasoma 1861: akina Gaskarth, Highbeck. Kisha akanywa maji.

"Mwaka 1851, usiku wa sensa," akasema, "akina Gaskarth wote wanane walilala Rothdale."

Rothdale ni bonde la pili, ng'ambo ya mlima.

"Wameandikwa kama wageni, katika shamba la mjane aitwaye Agnes Nicholson. Nilitazama na daftari la kanisa la huko. Mumewe alizikwa Ijumaa, siku mbili kabla ya sensa. Na karani wa kanisa ameandika pembeni kwamba theluji ilifunga njia ya mlimani. Walikwenda mazishini, wakakwama."

Hilo kila mtu alilielewa. Zamani nyumba ikialikwa mazishini ilikwenda yote, hata kama ni kuvuka milima, na asiyekwenda alikumbukwa kwa hilo maisha yake yote. Lanty alitaka kusema kwamba kuna wazee wa upande wa wanawake, akakumbuka kwamba akina Gaskarth siku zote walioa ng'ambo ya mlima, kwa sababu bondeni kila msichana alikuwa binamu. Alikuwa akijivunia hilo pia.

"Kwa hiyo Highbeck ilikuwa tupu?" akauliza Digory.

"Hapana. Alikuwamo mtu mmoja." Phoebe aliisoma karatasi polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa adabu. "Battista Tarelli. Mgeni. Hajaoa. Umri, ishirini na minne. Kazi, muuza vipimahewa. Mahali alipozaliwa, Italia."

Nyuma ya ukumbi kikombe kiligonga kisahani. "Tarelli?" alisema Sadie. "Huyo ni wa kwa mama yangu! Mwalimu, si ndiye yule uliyeniuliza?"

"Ndiye. Baadaye alioa Wolverhampton. Ni babu wa bibi wa mama yako. Nimemfuata sensa baada ya sensa, jina hilo hilo, kazi hiyo hiyo." Phoebe alijaribu kuificha furaha yake kwa sababu ya Lanty, lakini uso wake ulimsaliti. Mtu mmoja aliyeomba asisahauliwe alikuwa amejibiwa.

Minong'ono ilianza. Ndipo Digory Trembath, ambaye alikuwa rafiki wa kweli, alipoinuka kumwokoa mwenyekiti wake.

"Jamani, tutumie akili. Karani wa sensa anapita Jumatatu asubuhi, theluji mpaka magotini, vidole vimekufa ganzi. Mchuuzi wa namna hiyo angelala baa, si shambani kwa watu. Karani alikosea nyumba. Mtaliano alilala baa, baa ambayo iko ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto ni parokia nyingine. Hayumo bondeni! Mwalimu, unaweza kuthibitisha kwamba karani hakukosea?"

Phoebe alifikiri. Alikuwa mkweli mpaka inauma. "Siwezi," akasema. "Nina hii karatasi tu."

"Basi. Hakuna aliyethibitisha, waombaji wote wako sawa, na sisi wanakamati tunapiga kura kama binadamu." Akaketi, akamkonyeza Lanty.

Watu wakashusha pumzi. Hata Sadie alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo, akaendelea kufuta visahani. Kura ingekwenda wapi kila mtu alijua. Hannah aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Lanty aliona jinsi alivyokuwa anataka kubaki.

Lanty hakutakiwa kusema uongo. Alitakiwa kukaa kimya tu, kazi ambayo aliiweza.

Lakini akilini aliuona ukumbi wa nyumbani kwake, na mkono wake mwenyewe ukikigonga kipimahewa. Chini ya mshale, kwenye shaba, kulikuwa na maandishi madogo aliyoyajua kuliko sala. *B. Tarelli.* Na chini yake, *Highbeck, 1851.* Maisha yake yote alidhani ni fundi mashuhuri wa Carlisle, aliyeona fahari kuchora jina la mteja wake mkubwa. Alikuwa amewaeleza hivyo wageni wengi.

Akamtazama Nan. Nan ndiye aliyeisugua shaba ile kila Jumamosi. Alikuwa ameketi wima chini ya kofia yake, macho yake yako kwa mumewe. Lanty angependa amkaripie, kama kawaida.

Alimfikiria yule kijana. Amefika shambani na vipimahewa vyake mgongoni, wenye shamba wanaondoka kwenda mazishini, theluji inaanza. Na wao, wakiwa na haraka, wamemwachia ufunguo mtu ambaye hata lugha yao labda hakuijua vizuri. Kondoo walikuwa karibu kuzaa. Kama asingekuwapo mtu wa kuwapelekea majani siku zile, kundi lingekufa, na shamba lingekwenda na kundi, na leo ukutani pasingekuwa na mti wowote.

"Karani hakukosea," alisema Lanty.

"Lanty," Digory alinong'ona, "kaa chini, bwana."

"Hakukosea nyumba. Jina la huyo mtu liko ukutani kwangu, kwenye kipimahewa, pamoja na jina la shamba na mwaka. Nalisoma kila asubuhi tangu nilipojua kusoma." "Alilala Highbeck. Mwili wake, kitandani. Sisi ndio hatukulala."

Mtu mmoja kule nyuma, bila shaka tarishi, akasema kwa sauti ya upole, "Pole, bwana wa Rothdale," na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Sadie alikuja mbele na kitambaa bado mkononi. "Mzee, mimi niliomba nusu kwa mzaha. Mwachie msichana."

"Kanuni ni kanuni, mama. Niliitunga mwenyewe, na mwalimu alinionya. Huwezi kuwalaza watoto tena kwenye kile kibati." Kisha akaongeza, kwa sababu ilikuwa kweli na ilimuuma, "Wewe ni mwenyeji."

Lanty alipotoka nje, Hannah alikuwa amekwisha kumfunga Wilf kwenye kiti cha gari na alikuwa akihangaika na funguo.

"Usijali, babu," alisema bila kugeuka. "Leeds si mbali. Na ulifanya vizuri. Kweli."

"Hannah. Kipo chumba."

"Kimejaa."

"Kimejaa watu wasiolala."

Aligeuka basi. Alikuwa analia na alikuwa amekasirika, vyote pamoja. "Nilikaa pale mezani, babu. Ulisema karatasi zinashika ukungu."

Lanty alikuwa na maneno mengine tayari, ya kueleza kwamba alitaja tu hali ya vyumba. Alimwona Wilf kupitia kioo, amelala tayari, kinywa wazi.

"Wale wanane walimwachia Mtaliano nyumba nzima," alisema. "Na mimi nilikuhesabia makasha. Karatasi zishike ukungu. Zishike zote."

Hannah aliifuta pua kwa mkono wa sweta. "Wilf anapiga kelele saa kumi na moja alfajiri. Kila siku."

"Nitakuwa nimeamka. Kuna kondoo."

Makasha yalihamia chumba kinachovuja, chini ya turubai. Nan alisimama ngazini akitoa amri. "Polepole na huyo! Huyo ni babu wa babu yako, hajazoea baridi." Ule mti ulibaki ukutani, kwa ombi la Hannah, ingawa upande wa chini, mahali ambapo mtoto anaweza kufika, haukukaa safi muda mrefu.

Jumapili moja Sadie alikuja na wanawe kukiona kipimahewa. Alisimama mbele yake. Akapitisha kidole juu ya jina. Nje jua lilikuwa kali, mlima wote unang'aa.

"Naruhusiwa kugonga?"

"Gonga," alisema Lanty. "Ni chako zaidi kuliko changu."

Sadie akagonga. Mshale ukatetemeka, ukafikiri, ukaenda moja kwa moja kwenye dhoruba.

"Kimeharibika?"

"Hakijaharibika," alisema Nan, akipita na kikapu cha nguo za mtoto kuelekea chumba chenye jua. "Ndivyo kilivyo. Hakijawahi kusema kweli hata siku moja tangu nilipoolewa."

"Kuna siku kilipatia," alisema Lanty.

"Lini?"

Lanty alijaribu kukumbuka.

Sadie alikuwa ameanza kucheka, mkono kinywani, mabega yanatikisika. "Basi huyo Tarelli ni wetu," alisema. "Huyo ni wetu kabisa. Mzee, aliwauzia bei gani?"